Nanyokie Hakuwa na Nenosiri

Sambasha, Arusha
3 Machi 2025

Kaka Koikai, shikamoo.

Natumaini wewe, wifi Anneth na mtoto hamjambo huko Dodoma. Sisi ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi likishikwa na baridi, lakini jana alikwenda ibadani kwa miguu na kurudi, kwa hiyo akikwambia kwenye simu kwamba hawezi kutembea, usimwamini.

Nina habari. Ile kampuni ya utalii iliyonifanyia usaili imenichukua! Nitajibu wageni na kupanga safari zao, siku nyingine ofisini, siku nyingine hapa hapa nyumbani. Sharti lao ni moja tu: laptop yangu iunganishwe na mfumo wao, na mfumo wao haupokei Windows ya Home, unataka Pro. Leseni wamenipa wenyewe. Nimeingiza namba zake vizuri, laptop ikanidai nenosiri la msimamizi. Msimamizi ni wewe, uliyenipa laptop hii.

Nitumie, kaka. Jumatatu ijayo Kandida, atakayekuwa bosi wangu, anataka kuiona iko tayari. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Tangu nikupe ng'ombe wangu tunaitana Pakiteng, jina la waliopeana ng'ombe, na leo naliandika kwa furaha:

Mdogo wako na Pakiteng wako,
Sinyati


Dodoma
5 Machi 2025

Pakiteng wangu, marahaba.

Hapa tu wazima, joto tu ndilo linatuchosha. Mpe Mama pole ya goti. Hongera sana kwa kazi, nimemwambia kila mtu ofisini.

Lakini twende polepole. Laptop mpya kabisa, hata ile nailoni ya kioo sidhani kama umeibandua, tayari unataka kuichokonoa? Ukipandisha toleo, kila kitu kilichomo kinafutika. Mimi najua mambo haya. Waambie wakupe laptop yao, kampuni gani hiyo haina laptop? Nikija Pasaka nitakaa nayo mwenyewe tuone.

Nenosiri siwezi kulituma hivi hivi. Mtandaoni kuna matapeli wengi, na wewe ni mwepesi kuamini watu.

Kaka yako na Pakiteng wako,
Koikai


Sambasha
6 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo. Mimi sijambo, ila nimekasirika, na sitaki uambiwe na mtu mwingine.

Nimempigia Kandida. Hakuna kinachofutika. Kinachofuta ni kule kupiga window, kufuta yote na kuweka upya, kwa mafundi wa mjini, ambao ukiwapelekea laptop iliyomwagikiwa chai, dawa ni kupiga window. Ukiwapelekea iliyoishiwa chaji, wanapiga window. Hii ni kubadilisha leseni tu. Inajiwasha upya, mafaili yako pale pale. Wewe unafanya kazi na kompyuta kutwa nzima. Huwezi kuwa hulijui hilo. Kwa nini umeniambia uongo?

Pasaka ni mwezi wa nne. Mimi nasema Jumatatu. Nina miaka ishirini na sita, nina stashahada, nimepata kazi bila kubebwa na mtu, halafu ninashindwa kuianza kwa sababu ya neno moja lililoko kichwani mwako!

Nitumie leo.

Pakiteng wako, japo leo kwa shida,
Sinyati


Dodoma
8 Machi 2025

Sinyati,

Msalimie Mama. Usiniandikie hivyo tena, kwa sauti ya kunipigia meza.

Baba alipofariki nani alibaki na mzigo wa nyumba hii? Unadhani napenda kuwa polisi wako? Nakulinda, ndiyo maana naweka mipaka. Leo ni kubadilisha Windows, kesho ni kuhama. Au unadhani sijui habari ya kile chumba cha mtaa wa Sakina, chenye mlango wa bluu na jiko la nje? Msichana wa watu upange peke yako barabara ya Nairobi, kati ya mabasi na magereji, Mama umwache na nani? Hilo hujaniambia, lakini nalijua.

Nenosiri sitoi. Ukinichukia, nichukie.

Kaka yako,
Koikai


Dodoma
14 Machi 2025

Pakiteng,

Hamjambo? Napiga simu hupokei. Mama anasema uko shambani, kila nikipiga uko shambani. Jumatatu ilikuwaje?

Anneth amenisema sana. Basi, hasira zimekwisha. Nenosiri ni Nanyokie2019, herufi kubwa mwanzoni. Pandisha hiyo Pro, mwambie bosi wako kulikuwa na tatizo la mtandao. Nijibu.

Kaka yako na Pakiteng wako daima,
Koikai


Sambasha
16 Machi 2025

Kaka,

Mama mzima. Natumaini na ninyi.

Chumba cha Sakina nilikiangalia picha tu. Sikumwambia Mama, sikumwambia rafiki, sikukiandika popote. Nilikiangalia kwenye laptop, nikafunga. Niliposoma barua yako nilijiuliza umekijuaje.

Jumatatu nilikwenda ofisini hivyo hivyo. Kandida alitaka kunisaidia, ndipo akaona kile kialama kidogo kinachokaa pembeni chini. Mimi siku zote nilidhani ni kinga ya virusi. Akaniuliza, "Sinyati, nani anaangalia kioo chako?" Mbele ya watu, Koikai! Nikasema kaka yangu. Akasema hawezi kuweka pasipoti za wageni kwenye laptop ambayo mtu wa Dodoma anaichungulia. Nafasi amepewa mwingine. Ndiyo maana hukutaka kutoa nenosiri: ningekuwa msimamizi, ningekuona.

Na nenosiri lenyewe! Umechukua jina la ng'ombe wangu ukanifungia nalo mlango.

Baba alinipa Nanyokie siku ya kipaimara, nikachagua mwenyewe sikio la kukatwa alama. Ulipooa, mahari ikapungua ng'ombe mmoja, nikasema mchukue wangu. Alikwenda Kikatiti kwa wakwe zako akiwa na mimba. Niliwahi kumpigia mama mkwe wako kuuliza anatoa maziwa kiasi gani? Niliwahi kwenda kuchungulia zizi lao? Nilikupa, basi. Ukasema laptop ndiyo inashika nafasi yake, na kila nikiiwasha inaniandikia "Koikai".

Nimeipakia kwenye basi la Dodoma leo asubuhi. Iko kwa jina lako, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Barua hii naiandika kwa simu niliyoinunua mwenyewe.

Mahali pa Nanyokie namtaka mtamba. Mlete Pasaka, zizi nimeshalifagia. Ukishamfunga, ingia ndani unywe chai na Mama. Halafu uondoke, na usije ukaniuliza anakula nini, anachungwa wapi, wala nani anamkamua.

Sinyati