Maji ya Noëlla

Valérie, uko hapo? Papa amekasirika sana, hataki mutu amuguse.

Maman alikuwa anamuchanganyia Noëlla, mutoto yangu, maji na sukari na chumvi kidogo ya kupeleka ku mazoezi ya basket. Tonton Constantin akaonja, akacheka: «Colombe, iko sawa kabisa na ile ya Kavumu, ile ulinipatia siku ya mashindano!»

Ile ya Kavumu!!

Si unakumbuka habari ya ile mashindano ya velo, ya kukimbiza baiskeli njia ya Kavumu, wakati wa Zaïre? Constantin, rafiki yake mwenyewe, ndiye alimukataza Papa: «Usikunywe mu njia, maji inalegeza miguu.» Papa akamusikia. Karibu na Bagira kiu ikamuangusha. Constantin akapita, akashinda.

Papa akauliza pole pole: «Colombe, wakati ile si ulikuwa muchumba wangu?»

Maman anakoroga tu. Sukari imeshayeyuka, Valérie, na bado anakoroga.