Nani Anaanza Kula Huko?

Shemeji yangu Idrisa,

Assalamu alaikum. Tangu ulipomwandikia Zuhura kwamba umepewa nyumba kambini na akufuate, dada yangu ametoa sanduku uvunguni mwa kitanda. Liko wazi. Hajatia hata leso moja.

Nakumbuka ulivyoingia kwetu Mji wa Kale. Serikali ya kwenu ilikuwa imeanguka, kikosi chenu cha makomando kimevunjwa, nawe ulikuwa ukitafuta chumba cha kupanga. Mama akasema mpangaji haingii nyumba yake bila kula kwanza. Tukakaa chini, tukazunguka sinia la wali na samaki wa nazi. Kwetu mgeni ndiye anayeanza, basi sote tukakungoja. Wewe ukakunja mikono.

"Kula, mwanangu, wali wapoa," mama akasema.

"Shukrani, Mama."

Hukugusa. Mama akaninong'oneza, kwa sauti uliyoisikia: "Huyu yuaogopa nimemtilia sumu?"

Ndipo ulipomwonyesha kidole binti yangu Rukia, aliyekuwa mdogo kuliko sote pale. "Kikosini kwetu huanza mdogo, Mama. Mimi nangoja yeye."

"Ala! Kwani Rukia ndiye afande wako?" Zuhura akakucheka kutoka mlangoni, jagi la maji mkononi.

Rukia akachukua tonge, kisha nawe. Niliandika katika shajara yangu: mgeni ana adabu, ila ameishika kwa upande wa pili.

Ulimuoa Zuhura, ukatengeneza injini za boti gatini Liwatoni, na nyumba nzima ikazoea kumtanguliza Rukia, hata mama. Kisha nchi inayopakana na yenu ikawaita makomando wa kikosi chenu iwaingize katika jeshi lake. Ukaenda na begi moja.

Nina maswali mengi, na si ya kukupeleleza. Mtu aliyeapa chini ya bendera moja huapaje chini ya nyingine? Amri zikitolewa kwa lugha yao, miguu yenu haikosei? Askari wenyeji wanawaitaje, ndugu au wakimbizi? Mmechanganywa nao, au mmewekwa peke yenu mkitazamwa?

Zuhura hayaulizi hayo. Cheo chako kipya alikisoma haraka katika barua yako akapita. Juzi alikuwa anakunja nguo na kuzikunjua, akaniambia, "Kaka, mimi nilimpenda pale kwenye sinia. Wakishamgeuza huko, nitakuwa nimemfuata nani?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Jibu unalo wewe.

Kwa hiyo niandikie jambo moja tu, na uniandikie kweli hata kama halitampendeza: chakula kikiletwa hapo kambini, nani anaanza?

Mama pia anataka kujua. Jana Rukia alipochukua tonge la kwanza, mama aligeuka kutazama mahali pako.

Anayekungoja pamoja nao,
Shemeji yako