Mkono Ulioshika Shela

Mutanu, uko? Ndinda alinikata kwa picha ya harusi yake. Dada yangu wa tumbo moja!

Kimeu wa studio Mbumbuni, yule alipiga picha za hiyo harusi, alikuwa ananifundisha kusafisha picha. Tukafungua raw ya picha ya Ndinda, ile yenyewe kama ilivyotoka kwa kamera. Akasema punguza mwanga, nikapunguza. Akasema sasa rudisha pembeni palipokatwa.

Nikarudisha. Nikajiona!

Si Ndinda aliniambia picha zangu zote ziliharibika, ati nilifunga macho? Mutanu, macho yako wazi. Nacheka!

Kimeu akainama. "Ni yeye alisema nikukate. Ati unamharibia picha."

Ati namharibia picha!

Na ule mkono umeshika shela, kwa picha iko ukutani kwa mama? Miaka mitatu naupanguza vumbi kila Jumamosi.

Ni wangu.