Umande wa Majani ya Tumbaku

Songea,
17 Machi 1997

Dada Walburga,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika na mahindi ni mazuri. Nimekuja mjini kuposti barua hii kwa mkono wangu, nisimtume mtu.

Uliniandikia kwamba mashine ya chuoni kwenu hupima uzito wa chembe zinazobanduka kwenye uso wa chuma, mpaka mnajua gesi zilizokutana pale zimezaa nini. Tangu hapo nawaza majani ya tumbaku. Ndani ya bahasha kuna kitambaa nilichofutia majani yenye umande shambani kwetu Namtumbo. Nipimie kilichogandia hapo, uniambie kama kinaweza kupita kwenye ngozi ya mkono.

Natapika, dada. Mama mkwe amefurahi hata ananinyang'anya ndoo: "Weka chini, mama kijacho! Tumengoja miaka sita." Mume wangu Gaspari ameshachagua jina. Siku zangu sizioni, lakini unajua zilivyo, huweza kupotea hata miezi miwili. Zahanati wameniambia nisubiri.

Nimepitia shajara yangu. Nimetapika mara kumi na moja, na zote ni siku nilizochuma majani yakiwa na maji.

Najua utasema jaribio ni rahisi: niache kuchuma wiki moja, nione. Kila asubuhi naamka nimeamua hivyo. Kisha naogopa kupona, nami najikuta shambani kabla umande haujakauka.

Jibu kupitia parokiani, kwa jina langu peke yangu.

Mdogo wako,
Hilda