Mjukuu Juu ya Mizani

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpwa wako ameota jino la pili na anang'ata kila kinachomkaribia, kwa hiyo usingizi nimeusahau.

Nimesikia unavyowachekesha watu huko, kwamba kompyuta ya hospitali haijui kutofautisha mjukuu na maji. Ni kweli. Siku ya kuruhusiwa, Mama alipanda mizani akiwa amembeba mtoto. Kompyuta ikaonya kwamba uzito umepanda, huenda moyo unashindwa kusukuma na maji yanajaa mwilini, asiruhusiwe kwanza. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini hukungoja mwisho wa hadithi. Kwa sababu ya onyo lile, daktari alimpima tena, mtoto nikiwa naye mimi. Uzito bado ulikuwa umezidi. Akambonyeza miguu kwa vidole, mashimo yakabaki; maji yalikuwepo kweli. Na Mama alikuwa akituambia, "Nimepona, niacheni nikalale kwangu." Sisi sote alituweza. Kompyuta hakuiweza.

Unasema wewe ndiye mkubwa na umeshaamua arudi nyumbani. Ukubwa wako nauheshimu, kaka, lakini Mama hatoki mpaka maji yapungue na dawa mpya zimkubali. Dereva uliyemtuma nimemnywesha chai, nikamrudisha na gari tupu na barua hii.

Ukikasirika, njoo ukasirikie hapa kitandani kwake. Kiti kipo kimoja, nami nimechoka kukikalia peke yangu.

Mdogo wako anayekupenda, na asiyebanduka