Ngoma Iliyopigwa Mchana Kambini

Paya, Tororo

Mjukuu wangu Athieno,

Hapa nyumbani tuko salama. Mguu wa bibi yako umepata nafuu, mtama tumeshavuna, na yule kuku wako bado hatujamchinja.

Umeuliza kama harusi yako iwe na bendi, na kwa nini ngoma ikianza kulia harusini mimi husogea mlangoni. Usicheke. Ni woga.

Nilipokuwa askari kule kaskazini, mchana mmoja waliletwa wanamuziki watuchangamshe kabla hatujaenda vitani. Magitaa yakalia, tukacheza. Kisha mkubwa wetu, mtu wa mbali, akaona garini mwao ile ngoma ndefu ambayo kwetu hupigwa msibani tu. Akaipenda, akaamuru ipigwe. Mpigaji alikuwa mtu wa Iyolwa, huku huku kwetu Tororo. Angekataaje?

Sisi wa Tororo tuliganda. Wengine waliendelea kuruka na kupiga miluzi. Rafiki yangu Owori akaninong'oneza, "Wanamzika nani, na sisi wote tuko hai?" Mpigaji hakuacha. Nami nikasogea taratibu kuelekea lango la kambi.

Yaliyofuata sitaki kuyaandika. Owori hakurudi, wala hapakuwa na mwili wa kupeleka kwao. Miaka mingi niliilaumu ngoma ile. Siku hizi nawaza kwamba ndiyo pekee aliyopigiwa, na aliisikia kwa masikio yake.

Kwa hiyo kwenye harusi yako bendi ije. Niwekee kiti karibu na mlango, na kingine kando yangu, asikikalie mtu.

Babu yako