Chuma cha Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefunga barafu za ukwaju, nimepanga kwenye friji. Mkono umechomwa tena, kama na siafu. Mkwe wangu, Mama Kija, anasema ni mifupa ya uzee. Mifupa gani inauma nikigusa friji tu?

Jumanne, 5 Agosti
Nimegusa mlango wa friji nikiwa peku, sakafu mbichi. Nimerushwa mpaka kwenye ndoo. Kiwiko kimevimba. Mjukuu wangu Kija anatambaa sakafu hiyohiyo, na friji anapenda kuipiga makofi. Nimezima meni switchi. Barafu zinayeyuka, Mama Kija amenuna. Anune.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi umeme amekuja. Binti, mikono migumu. Nimempenda. Kapima bati la friji kwa testa, ikawaka. Waya wa ndani umechubuka, unagusa bati. Umeme ukivuja hivyo unatakiwa kukimbilia ardhini, kwenye chuma cha arthi nyuma ya nyumba, na switchi ijikate. Tumezunguka nyuma. Waya unaning'inia. Chuma hakuna. Kumbe umeme ulikuwa unamngoja mtu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mwanangu Masanja amerudi kutoka mashimo ya dhahabu, Mwakitolyo. Nimemuuliza chuma. Kacheka.
"Mayu, kilikaa bure tu ardhini. Nimechongea moko."
Moko. Tindo ya kuvunjia mwamba.
"Umemvua mwanao kinga ukapasulie mawe."
"Wewe na umeme wapi na wapi? Hata darasa la kwanza hukukaa."
Kweli. Herufi nimejifunza na mvi kichwani. Nimemwonyesha kiwiko. Nikamwambia, hiki ni cha mtu mzima, sasa fikiria cha Kija.
Nina hasira. Nampenda, mjinga huyu. Umeme hauwaki mpaka chuma kiwe ardhini. Nimeweka kigoda chini ya meni switchi, nimekaa.

Jumamosi, 9 Agosti
Masanja kaleta chuma kipya, kakigongelea mwenyewe. Ardhi ya kiangazi ngumu, jasho limemtoka. Fundi kamwambia bado, shindilia. Kashindilia. Waya wa friji umebadilishwa. Switchi imewashwa, testa haikuwaka. Nikataka kuhakikisha kwa mgongo wa mkono, fundi kanifokea: "Bibi, mkono si kipimo." Nimeurudisha mkono. Ana haki.

Jumanne, 12 Agosti
Mama Kija yuko sokoni. Kija ametambaa mpaka kwenye friji, ameshika mlango, amesimama. Mara yake ya kwanza. Miguu inatetemeka, anacheka.
Sikunyanyuka. Nimemwacha asimame.